Nyuki wa Kwetu Ndani ya Ukuta wa Valladolid

Vijana wa chama, mmenisumbua tangu niliposhuka kwenye basi hapa Kibondo. Mzee Ruhuza, tuambie ulichoona Meksiko. Mzee Ruhuza, ni kweli huko wanafuga nyuki wasiouma? Nimekaa kimya, mkadhani naringa. Siringi. Sikuwa nimepona mshtuko, na mpaka leo sijapona vizuri. Ninaandika hivyo hivyo kwa sababu Odeta, katibu wetu, amesema nisipoandika mwenyewe ataandika yeye, na yeye ana tabia ya kunionyesha kama mzee asiyejua kitu.

Naanza na nyumba moja ya Merida, maana ndiyo inayonijia nikifumba macho. Merida ni mji mkubwa wa upande ule, uliojengwa na Wahispania waliokuja kwa meli zamani wakawateka Wamaya, wenyeji wa nchi. Katikati ya mji kuna uwanja wenye miti na viti, na pembeni mwa uwanja ipo nyumba ya mkubwa wa hao watekaji. Juu ya mlango wamechongwa askari wawili wa mawe, wameshika silaha ndefu. Mimi napenda kazi ya mkono, kwa hiyo nilianza kutazama ustadi wa fundi, kofia zao, ndevu zao, nikashuka taratibu mpaka kwenye miguu. Wamesimama juu ya vichwa vya watu! Vichwa vimeachama midomo, vinapiga kelele. Jamani, mtu amejenga nyumba ya kulala na mke wake, akamwambia fundi amchongee kitu kile mlangoni, watoto wake wapite chini yake kila siku wakienda kucheza.

"Babu, toka barabarani, utagongwa," Odeta aliniambia, akanivuta mkono.

"Umeona wanakanyaga nini?"

"Nimeona. Yebaba we! Na hili kanisa nalo, Renata anasema mawe yake yametoka kwenye mahekalu ya Wamaya. Waliyabomoa, wakajengea."

Renata ni mwalimu wa Kiingereza aliyepewa kazi ya kututembeza. Yeye anajua Kihispania, Kimaya na Kiingereza, Odeta anajua Kiingereza, na mimi nilikuwa mwisho wa foleni, napokea habari zikiwa zimeshapoa. Niliingia kanisani. Mnajua mimi ni mtu wa kwaya, nikiona msalaba magoti yanakunjika yenyewe. Siku ile yalikataa. Nilikaa benchi la nyuma nikitazama kuta, nikijiuliza jiwe lipi lilikuwa la wapi.

Kesho yake tulipita mji mwingine, Izamal, mji ambao nyumba zote zimepakwa rangi ya njano, na nyumba ya watawa imekaa juu ya kilima ambacho si kilima, ni hekalu la Wamaya lililokatwa kichwa. Odeta alisimama pale kwenye ngazi. Wengi wenu mnajua alizaliwa kambi ya Mtabila, wazazi wake walitoka Burundi, sasa ni raia na wana shamba lao Kagerankanda. "Babu," akasema, "sisi kambi ilipofungwa tuling'oa milango yetu tukaondoka nayo. Hawa walibaki palepale, wanatazama mawe yao yakipanda kwenye ukuta wa mwingine." Nilinunua maji, tukanywa.

Sasa mtaniuliza, ilikuwaje mstaafu ndiye apelekwe, wakati kuna vijana wenye nguvu? Wanaonunua asali yetu wananunua pia ya huko, wakataka watu wawili wa Kigoma wakatembelee wafugaji wenzao. Mwenyekiti akasema apelekwe Mzee Ruhuza, kwa kuwa asipokuwepo hakuna kazi itakayolala. Alisema hivyo mbele ya watu wote, nami nilicheka na wenzangu, lakini nilikasirika. Ningekataa. Kilichonifanya nikubali ni lile neno, nyuki wasiouma.

Ninyi mlioingia chamani juzi mnanitania kwamba nimekuwa mwoga uzeeni, sisogei mzingani. Sikilizeni. Nimefanya kazi hii tangu sijaota ndevu. Mjomba Rusato ndiye aliyenifundisha, enzi za mizinga ya magome, tulipokuwa tunamvua mti wa miombo gome lake lote, tunalishona bomba, tunalipandisha juu, na mti wenyewe unakauka. Hatukuona ubaya. Mjomba alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, ukiwa mzingani huongei, unapiga mluzi. Ya pili, humfungulii nyuki mlango bila moshi. "Moshi ndiyo hodi yetu," alikuwa akisema, kisha anawasha kienge cha majani makavu, anakisukuma mle ndani mpaka nyuki wanadondoka. Siku moja nilipanda bila moshi, nikitaka sifa. Nilishuka bila ngazi na bila suruali, na Mjomba alicheka mpaka akaketi chini.

Niliumwa maisha yangu yote, nikadhani mwili umezoea. Si kila mwili unaozoea. Mwaka niliostaafu nilikuwa Kagerankanda nawaonyesha akina mama mizinga ya kisasa, nyuki mmoja akanipiga chini ya kidevu. Viganja vikaanza kuwasha, ulimi ukajaa mdomoni, dunia ikawa nyeusi. Niliamkia hospitali ya Kabanga. Daktari akaniuliza nimeumwa na nyuki mara ngapi, nikacheka. Akasema, "Mzee, usicheke. Akikuuma mwingine mmoja, hutafika hapa." Basi nanyi shikeni hilo: viganja vikiwasha na ulimi ukivimba, usisubiri, usipake vitunguu, kimbia hospitali.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kupima asali ofisini. Ninasikia harufu ya sega, nasikia ninyi mkirudi porini mnacheka, nami nipo na mizani. Inauma kuliko mwiba. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna nchi ambayo mzee kama mimi anaweza kutia mkono kwenye nyuki asife, nilikwenda kununua viatu.

Mji tuliopelekwa kuwaona nyuki hao unaitwa Valladolid. Huo nao ni wa Wahispania, una kanisa lenye minara miwili, nyumba za kuta nene za mawe na chokaa, na katikati ya mji kuna shimo kubwa lenye maji ya kijani, watu wanaogelea humo. Nchi yenyewe ni tambarare kama meza, hakuna kilima hata cha kudanganyia macho. Joto lake sisi watu wa Kibondo hatuliwezi. Sokoni niliona mahindi, maharage, mihogo na maboga, nikamwambia Odeta afadhali hawa, wako mbali hivi lakini wamechukua chakula chetu. Odeta akamwuliza Renata, Renata akacheka mpaka akashika meza. Kumbe mahindi yalianzia kwa watu wa upande ule ule, yakaletwa kwetu baadaye. Maharage vilevile. Muhogo nao ulitoka Amerika! Nilikataa kabisa. Nilisema muhogo ni wa Kakonko, bibi yangu alikuwa nao. Wakaniacha na ubishi wangu.

Mwenyeji wetu alikuwa Bibi Fidelia, nyanya yake Renata, Mmaya mfupi mwenye nywele nyeupe zilizosukwa, amevaa gauni jeupe lenye maua kifuani. Anaishi katika nyumba moja ya zamani nyuma ya kanisa. Nyumba ni ya Wahispania, lakini ukipita ndani ukatokea uani, ni kwa Wamaya. Kuna banda la makuti, na chini yake magogo yamepangwa mbavu kwa mbavu, mengine juu ya mengine. Magogo, vijana! Yamechimbwa ndani, yamezibwa ncha zote mbili kwa vifuniko vya jiwe na udongo, na katikati kuna tundu dogo. Mizinga ya magogo kama ya babu yangu, isipokuwa ya babu yangu ilikuwa juu ya miti na hii ipo nyumbani kama mbuzi.

"Ubuhura," Odeta alinong'ona. Ndivyo mama yake anavyowaita wale nyuki wadogo wasio na mwiba. Hata kwetu wapo, mnawajua. Sisi tukiwakuta kwenye mti tunapasua, tunachukua asali kidogo ya dawa, tunaondoka. Sijawahi kusikia mtu akiwafuga. Wa Bibi Fidelia ni wakubwa kuliko wale wetu, na aliwapokea kutoka kwa mama yake, ambaye aliwapokea kutoka kwa mama yake.

Alinishika mkono akauweka kwenye tundu la gogo. Mwili wangu wote ulisema kimbia. Nyuki walitoka, wakatembea kwenye vidole vyangu, wakaingia katikati ya vidole, mmoja akapanda mpaka kwenye saa. Hakuna aliyeniuma. Nililia mbele ya wanawake watatu, sioni aibu kulisema. Bibi Fidelia hakushangaa. Aliniletea kiti na kikombe cha asali yao, nyepesi, ina uchachu, akanisubiri nimalize.

Nilipomaliza kulia, nikasikia.

Ninyi bado wachanga, sikio lenu halijaiva. Nyuki wadogo wanavuma kama mtu anayeongea na nafsi yake. Mvumo niliousikia ulikuwa mwingine, mzito, unatoka nyuma yangu. Niligeuka. Ukuta wa nyumba, juu kidogo ya dirisha la jikoni, ulikuwa na ufa kati ya mawe, na ufani wanaingia na kutoka nyuki ninaowajua kuliko ninavyowajua wanangu. Jinsi wanavyotua, jinsi walinzi wanavyokaa mlangoni na hasira zao. Niliinuka na kiti mkononi nikarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Hao ni wa kwetu," nikasema.

Odeta akatafsiri akidhani nimechanganyikiwa. Renata akaitikia kwa kichwa, uso umebadilika. "Kweli. Hapa wanaitwa nyuki wa Afrika," akasema. "Watu wengine wanawaita wauaji. Zamani kuna mtaalamu alichukua malkia Afrika akawapeleka Brazili, wakatoroka, wakazaana, wakapanda nchi kwa nchi mpaka wakafika huku."

"Afrika ni kubwa. Waliwachukua wapi?"

Odeta aliuliza, akasikiliza, halafu akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau. "Anasema alisoma kwamba wengine walitoka Afrika Kusini. Na wengine Tabora."

Tabora! Ukipanda treni Uvinza unafika. Nilivuka bahari mbili, nikabadilisha ndege mpaka miguu ikavimba, nimkimbie nyuki anayeweza kuniua, kumbe amenitangulia na amejenga. Nilikaa sakafuni jikoni.

Lakini mshtuko wangu ulikuwa mdogo kuliko wa Bibi Fidelia. Kundi lile liliingia ukutani wiki chache nyuma, na siku iliyotangulia kufika kwetu lilikuwa limeua batamzinga wote wa jirani. Majirani wakapiga kelele, na watu wa kupulizia sumu walikuwa waje asubuhi inayofuata. Kutoka ufa ule mpaka bandani ni hatua chache tu. Sumu itakayoua wakubwa ukutani itaua wadogo wote kwenye magogo. Nikauliza kwa nini asiyahamishe. Akasema magogo yakitikiswa au kulazwa vibaya, asali inamwagikia majana, watoto wa nyuki, na kundi linazama humo humo. Aliyasema hayo bila kulia, ameweka mikono kwenye mapaja. Mtaa mzima ule ulikuwa na magogo alipokuwa msichana. Sasa yamebaki ya kwake.

"Watolewe ukutani leo," nikasema. "Jua likianza kulegea."

"Na nani, Babu?" Odeta akauliza.

Hapo ndipo nilipokumbuka mimi ni nani siku hizi. Naijua kazi ile kama kula, na hakuna kitu ningeweza kufanya zaidi ya kukaa nyuma ya kioo.

Odeta alikuwa amefungua mizinga ya kisasa kwa misimu miwili tu. Hajawahi kutoa kundi kwenye ukuta. Aliniangalia, akauangalia ufa, akasema, "Ego, sawa. Nitafanya. Wewe utaongea, mimi nitafanya."

Renata akampigia simu mfuga nyuki mmoja wa kijijini, na hapo nikapata pigo lingine. Nilidhani nyuki wetu wanachukiwa tu huko. Kumbe wafugaji wa porini wameshawazoea, wamewatia kwenye masanduku, na asali ile ya huko ambayo wanunuzi wanatusifia kila mwaka, wakituambia tuige, inatengenezwa na nyuki wa Tabora! Tumekuwa tukishindwa sokoni na ndugu zetu wenyewe. Mfugaji yule alisema angefika kesho mchana na gari, kundi atalichukua, mradi mtu alitoe ukutani. Mavazi yake ya akiba na sanduku tupu vilikuwa kwa dada yake, mtaa wa pili. Renata akakimbia kuvileta.

Saa kumi na moja jioni tukaanza. Odeta ndani ya mavazi meupe yaliyomzidi, mimi na Renata jikoni, dirisha limefungwa isipokuwa upenyo wenye wavu ambao ningepitishia sauti. Bibi Fidelia alikaa karibu na mlango, anatazama magogo yake. Niliagiza magunzi ya mahindi yawekwe kwenye bomba la moshi, yakawaka vizuri, moshi mweupe, mzito, ule aliokuwa akiupenda Mjomba Rusato. Nikamwambia Odeta, "Piga hodi. Usione haya, mwingi!"

Akapiga. Nyuki ukutani wakanywea, nikatabasamu. Sikuangalia upepo unakwenda wapi, wala sikufikiri. Kwetu mzinga ni mzinga, moshi haujawahi kumdhuru mtu. Moshi ulipita ufani, ukashuka, ukajaa chini ya makuti, na nyuki wadogo wakaanza kutoka kwenye matundu wakianguka sakafuni. Hawa hawajui moshi. Tangu bibi wa bibi yake, hakuna mtu aliyewahi kuwapulizia.

Bibi Fidelia alipiga ukelele, akafungua mlango kabla sijamshika, akatoka nje na shali yake, anafunika gogo hili, anaziba lile kwa mikono mitupu, na nyuki wetu waliokuwa hewani wakamshukia kichwani. Renata akalia. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti. Mguu mmoja ulikuwa nje.

"Babu, rudi!" Odeta alinipigia kelele, sheria ya kutoongea mzingani akaivunja vipande. "Rudi ndani! Nikianza kukuhangaikia wewe, hawa wote watakufa!"

Nilirudi. Nawaambia hivyo hivyo kama ilivyotokea, sikuwa shujaa. Odeta alitupa bomba la moshi kwenye ndoo ya maji, akamfunika bibi kwa mwili wake, akamrudisha jikoni, tukamtoa miiba kwa ukucha. Kumbukeni, mwiba unakwangua, hufinyi, ukifinya unausukuma ndani. Uso wake ulikuwa umeanza kuvimba, na jambo la kwanza alilouliza ni kama magogo yamefunikwa yote. Yalikuwa yamefunikwa.

"Sasa bila moshi tutafanyaje?" nikasema.

"Kwa maji ya sukari," Odeta akasema.

Mnakumbuka mwaka jana alipotuonyesha jambo lile kwenye simu yake, nikasema hao ni nyuki wa kwenye video, wa kwetu watakunywa sukari na kukuuma palepale? Mlicheka pamoja nami. Renata alichanganya sukari na maji ya vuguvugu, akayatia kwenye chupa ya kunyunyizia maua. Odeta akatoka nayo. Akanyunyiza mlangoni mwa ufa, kidogo kidogo, akasubiri. Nyuki waliolowa hawaruki, wanarambana. Nilitoa macho kwenye wavu nikiona hasira ya Tabora inageuka kuwa kazi ya kusafishana.

"Buhoro, polepole," nikamwambia. "Jiwe la chini kwanza, usivute, tikisa."

Chokaa ilikuwa imelegea. Jiwe la kwanza likatoka, la pili likatoka. La tatu lilikuwa kubwa, akalishika kwa mikono miwili akaligeuza. Upande uliokuwa umeelekea ndani ulikuwa na uso. Uso wa mtu, pua ndefu, macho yamefumba, masikio yana mapambo, masega yameshikamana na shavu lake. Waliojenga walichukua jiwe hekaluni, wakaligeuzia uso kizani, wakapaka chokaa. Bibi Fidelia amezaliwa katika nyumba ile na amepika chini ya uso ule maisha yake yote.

Alisimama akasogea mpaka wavuni na jicho moja lililobaki wazi. Alisema neno kwa Kimaya. Renata hakulitafsiri, nami sikuuliza.

"Babu, niendelee?" Odeta akaita.

"Endelea. Liweke chini taratibu, uso juu."

Mengine yalikuwa kazi. Kata sega la majana, lifunge kwenye fremu kwa uzi, liweke sandukuni kama lilivyokuwa limesimama, usiligeuze. Sega la asali peleka kwenye beseni. Tafuta malkia pale walipojikusanya wengi, usimtafute walipo wachache. Nilisema, akafanya, na mara nyingine alifanya kabla sijasema. Jua lilipofika kwenye minara ya kanisa akainua mkono, ameshika kichupa, malkia yumo. Mrefu, mweusi mweusi, mchangamfu. Alimwachia sandukuni, na baada ya kitambo kidogo nyuki wakaanza kumfuata wenyewe, wameinua mikia wanapepea, wanaitana. Nikampigia Odeta mluzi wa Mjomba Rusato, ule wa kusema kazi imekwisha. Hakuuelewa, ikabidi nimwambie kwa mdomo.

Asubuhi watu wa sumu walikuja na mitungi mgongoni. Renata akawaonyesha shimo tupu ukutani, wakachungulia, wakalalamika kuhusu petroli, wakaondoka. Magogo yote yalikuwa mazima. Bibi Fidelia alikuwa ameyafunua mapema, na wadogo walikuwa wanatoka na kuingia na kazi zao kama kawaida, isipokuwa wale waliodondoka kwa moshi wangu.

Nilimkuta amechuchumaa uani, uso umevimba kama unga uliochachuka, anaokota nyuki waliokufa. Alikuwa na majani mapana pembeni. Anaweka wachache juu ya jani, anakunja, anafunga kwa kamba ya mgomba, anaweka kwenye kishimo alichochimba chini ya banda, anafukia. Nilidhani ni wadogo peke yao. Nikasogea. Kwenye lile jani walikuwamo wadogo wake, na walikuwamo wakubwa, wale walioacha miiba yao kwenye mashavu yake.

"Mwulize kwa nini anawazika na hawa," nilimwambia Odeta. "Mwambie hawa ni wetu. Hawa ndio waliomfanya hivyo."

Swali likaenda kwa Kiingereza, likaenda kwa Kimaya. Bibi Fidelia hakuinua kichwa. Jibu lilikuwa fupi hata liliporudi lilikuwa bado fupi.

"Anasema wamefia uani kwake," Odeta akasema. "Nyuki aliyekufa kwa mkono wa mtu, wanamzika. Hawaulizi alitoka wapi."

Nilikuwa nimetumia wiki nzima nikishangaa mawe, nani alimkanyaga nani, nani alijenga juu ya nani, na nilikuwa sahihi kushangaa. Kwa hili hata kushangaa nilishindwa.

Nikamwomba Odeta glavu zake.

"Babu, hao hata wakifa mwiba unachoma. Unajua."

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha. Nipe."

Alinipa, akanikagua mikono yote miwili kama mtoto, akavuta glavu mpaka viwikoni. Nikachuchumaa kando ya Bibi Fidelia. Akanisogezea majani, akanionyesha mara moja jinsi ya kukunja. Vijana, nimekula kwa nyuki, nimejenga kwa nyuki, nimesomesha watoto kwa nyuki, na nimewachoma kwa vienge wasiohesabika. Sikuwahi kumzika hata mmoja. Mgongo uliniuma na jua likawa kali, lakini sikuinuka mpaka tulipowamaliza wote.